Mkate umegoma kuumuka? Subiri kwanza, usimsingizie hamira

Kuna lawama moja imeshika kasi sana kwa watu wanaojifunza kuoka mkate nyumbani, nayo ni kwamba hamira za siku hizi feki. Mtu kakanda unga wake, kafunika na kitambaa, kasubiri lisaa lizima kama alivyoelekezwa, akifunua donge liko vilevile, basi hapo hapo hamira feki, na mwenye duka anasemwa mtaa mzima. Mwingine donge lake lilifura mpaka likapita ukingo wa beseni, kuingia kwenye moto likanywea likabaki chapati nene, na yeye anasema hamira feki. Sasa hamira hiyo hiyo itakuwaje feki kwa kulala na feki kwa kukimbia? Hapo kuna mambo yamechanganywa, ngoja tuyatenganishe taratibu, na ntaongea zaidi kuhusu sisi wa Tabora na Kigoma kwa sababu maelekezo mengi tunayoyafuata yaliandikwa na watu ambao jiko lao halina joto la jiko letu.

Tuanze na hamira yenyewe. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno huwezi kuviona kwa macho, ni jamii ya kuvu. Vile vichenga unavyovimimina kutoka kwenye paketi ni viumbe vilivyokaushwa vikalala. Ukivipa maji, joto la wastani na chakula vinaamka, vinakula sukari na vinatoa vitu viwili: hewa ukaa, ambayo ndo inafurisha donge, na pombe. Ndio, pombe, kidogo, na karibu yote inapotea kwenye moto. Watu wameumua mikate maelfu ya miaka bila kujua nani hasa anafanya hiyo kazi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1850 Mfaransa Louis Pasteur alipoonyesha kuwa kuchachuka ni kazi ya viumbe hai.

Beking pauda sio hamira, hata kama dukani zinakaa shelfu moja na wengine wanaziita zote hamira. Ile ni magadi ya kuokea yaliyochanganywa na asidi kavu iliyosagwa, ikikutana na maji na moto inatoa hewa papo hapo, haina uhai, haihitaji kusubiriwa. Inafaa keki na skonzi za haraka haraka. Aliyeitengeneza mwaka 1843 ni Mwingereza Alfred Bird, na sababu ilikuwa ya nyumbani kabisa, mke wake mwili ulikuwa unakataa hamira. Kwa hiyo ukiweka beking pauda kwenye unga wa mkate ukafunika masaa mawili ukitegemea ufure, utasubiri sana.

Na hamira za chenga nazo haziko sawa. Kuna yenye chenga kubwa kubwa, hiyo inatakiwa uiamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, alafu kuna yenye chenga ndogo laini ambayo unachanganya moja kwa moja na unga mkavu, na hii ndo imejaa zaidi madukani kwetu, vile vipaketi vya gramu 10 au 11. Kipaketi kimoja kinatosha kilo nzima ya unga. Ukiwa na wasiwasi na hamira yako usibishane na mtu, chukua nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, weka kijiko cha chai cha sukari na kijiko cha hamira, koroga, acha dakika kumi. Ikitoa povu zito iko hai. Ikikaa kimya imekufa, na mara nyingi haikuwa feki, ilikufa dukani kwa kukaa juani au kwako kwa kufunguliwa ikaachwa mdomo wazi karibu na jiko. Paketi ikishafunguliwa ifunge vizuri uiweke kwenye friji kama unayo, au basi nunua ndogo ndogo za kumaliza mara moja.

Sasa hewa peke yake haitoshi, inabidi kuwe na kitu cha kuizuia isitoroke. Hapo ndo inakuja gluteni. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa zinashikana zinatengeneza nyuzi zinazovutika. Ukitaka picha yake fikiria wavu wa dagaa wa huku kwetu Kigoma ziwani, wenye macho madogo. Ukiwa mzima samaki wote wanabaki ndani, ukiwa umechanika unavuta kamba mpaka mtumbwini na unakuta maji. Kukanda ndo kushona huo wavu. Ukikanda dakika tatu ukachoka wavu haujakamilika, hamira itatoa hewa vizuri tu ila itavuja, mkate utatoka mzito na hamira itabeba lawama. Kwa mkono inataka dakika kumi mpaka kumi na tano za kukanda kweli. Kujua kama tayari kata kipande kidogo kivute taratibu kwa vidole, kikitanuka kikawa chembamba mpaka mwanga unapita bila kukatika, umemaliza.

Ndo maana pia unga wa muhogo au mahindi haufuri ukiupa hamira hata kilo ya hamira, hauna gluteni. Huku Kigoma muhogo tunao wa kutosha na watu wanapenda kuchanganya ili kupunguza gharama, na inawezekana, gramu 100 za muhogo kwenye kilo moja ya mchanganyiko huoni tofauti kubwa, ukifika 200 mkate unaanza kuwa mfupi, ukizidi hapo unaoka kitu kingine chenye ladha yake, sio kibaya, ila usikiite mkate alafu ukasirike. Na hata unga wa ngano wenyewe hautoshani, ule wa keki una protini kama asilimia 8 hivi na wa mkate unaenda 11 mpaka 13. Geuza mfuko usome pale nyuma walipoandika virutubisho, ni bora kuliko kumuuliza muuzaji ambaye atakwambia wowote unafaa.

Haya, sasa joto, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo kiini cha ugomvi wote.

Hamira inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 35 hivi. Chini ya nyuzi 10 inajivuta mno, kwenye friji karibu inalala kabisa, na ukiipeleka kwenye nyuzi 55 mpaka 60 inakufa, haiamki tena. Katikati hapo kasi inabadilika sana, joto likipanda nyuzi kumi kazi inaenda karibu mara mbili. Kwa hiyo ukisoma "acha donge liumuke saa moja" jiulize saa moja ya wapi. Mtu wa Uingereza anapoandika vile kawaza jiko la nyuzi 22 au 24. Mtu wa Dar anawaza joto lake la Februari.

Angalia tu tofauti ya mikoa yetu miwili, ambayo reli ni moja. Kigoma mjini tuko kando ya ziwa, mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu, mchana nyuzi 28 mpaka 30 ni kawaida. Donge la kilo moja lenye kipaketi kizima cha hamira hapa linaweza kuwa mara mbili ndani ya dakika 40 au 50, na mtu aliyeambiwa saa moja na nusu akaenda zake sokoni Mwanga akirudi analikuta limeshapanda, limechoka, limeanza kushuka, linanuka pombe. Tabora iko juu, kama mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto linashuka mpaka nyuzi 15 hivi, kuna ubaridi mkavu ambao mgeni haamini kama hii ndo Tabora ya Oktoba inayochoma. Asubuhi ile ukikanda donge lile lile, hamira ile ile, kipimo kile kile, linaweza kukaa masaa mawili na nusu hata matatu. Sasa mama wa Isevya, hapo hapo Tabora, anafunua baada ya saa moja, anaona bado, anaongeza hamira kwa hasira, na jua la mchana likiingia jikoni hamira yote inaamka kwa pamoja. Mkate unatoka na mashimo makubwa na harufu ya komoni, ile pombe ya kienyeji.

Dawa ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kigoma kwenye joto tumia maji ya mtungini, ya baridi, na punguza hamira mpaka nusu, gramu 5 kwa kilo zinatosha, mkate utachukua muda zaidi kidogo na utakuwa mtamu zaidi kwa sababu kuchachuka taratibu ndo kunaleta ladha. Tabora wakati wa kipupwe tumia maji ya uvuguvugu, chovya kidole, ukihisi joto lakini hukimbizi mkono ni sawa, alafu weka beseni karibu na jiko lililozimwa au ndani ya ndoo kubwa yenye kikombe cha maji ya moto pembeni, funika. Ila usimimine maji ya moto kwenye unga, hapo ndo hamira nyingi zinauliwa na wenyewe wanaolalamika. Nimeshaona mtu anachukua maji ya chupa ya chai, yanayotoa moshi, anamwaga kwenye hamira, alafu kesho yake yuko dukani anadai arudishiwe hela.

Na acha kuangalia saa, angalia donge. Bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga. Likiruka haraka na shimo likapotea, bado. Likirudi polepole na kubakiza alama kidogo, peleka kwenye moto sasa hivi. Shimo likibaki lilivyo na donge linahema kushuka, umepitiliza. Hapo kama ni umukaji wa kwanza, kabla hujalipa donge umbo la mkate, hujapoteza kitu, likande kidogo kutoa hewa, litengeneze upya, liumuke tena mara hii ukilichunga.

Kipimo cha vikombe ni uchawi mwingine. Kikombe kwenye maelekezo ya Kimarekani ni mililita 240 hivi, kikombe chako cha chai kinaweza kuwa 300 na zaidi, na unga ukishindiliwa au ukichotwa kwa ulegevu kikombe hicho hicho kinabeba gramu 120 au 150. Ukikosea hivyo mara nne umeongeza zaidi ya gramu 100 bila kujua. Mzani mdogo wa jikoni unamaliza huo mjadala. Kwa kilo moja ya unga anza na maji mililita 600, uongeze taratibu mpaka 650, na usishangae kama Tabora kiangazi unga mkavu unakunywa maji mengi kuliko Kigoma wakati wa masika. Alafu wenye oveni wachunge na nyuzi, 350 ya Wamarekani ni Farenhaiti, kwetu ni kama 177.

Chumvi nayo inasingiziwa kuua hamira. Eti zikigusana tu kwisha habari. Si kweli, chumvi ya kawaida ya mkate, gramu 18 mpaka 20 kwa kilo, haiui, inapunguza kasi tu, na hiyo ni faida hasa kwenye joto letu, tena inakaza ule wavu na mkate bila chumvi hauna ladha. Tunakaa jirani na Uvinza kwenye chumvi, itakuwa aibu tuiogope. Kwenye sukari imani iko kinyume, watu wanadhani ukiongeza sukari hamira inashiba na mkate unapaa. Kidogo sawa, ila ukivuka kama gramu 100 kwa kilo sukari inaanza kuinyang'anya hamira maji na kazi inazorota, ndo maana mikate mitamu inataka hamira zaidi na subira. Na ukweli ni kwamba mkate unaumuka hata bila sukari kabisa, kwenye unga kuna vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, hamira inajilia humo humo. Watu wa Tabora mkiweka asali yenu badala ya sukari punguza maji kidogo maana asali ina maji yake, na angalia moto kwa sababu mkate wa asali unabadilika rangi haraka. Sisi wa huku tukiweka mawese vijiko viwili vitatu mkate unakuwa laini na rangi ya dhahabu, ila weka baada ya unga kushika maji, mafuta yakitangulia yanazuia protini zisilowe vizuri.

Mkate ulioharibika ukiutazama vizuri unakueleza wenyewe ulipokosea. Kata katikati. Ukiona chini umeshikana mzito na juu au pembeni umepasuka kwa nguvu, uliingia kwenye moto kabla haujaumuka vya kutosha. Ukiona umebonyea juu, rangi imepauka hata baada ya muda mrefu na una harufu ya pombe, ulipitiliza, hamira imekula sukari yote haijabaki ya kuleta rangi. Shimo moja kubwa chini ya ganda wakati kwingine ni sawa, mara nyingi hukutoa hewa vizuri wakati wa kulitengeneza donge. Umesambaa kwenye chombo badala ya kwenda juu, maji mengi au kukanda kidogo. Unavunjika vunjika ukikata, unga ulizidi.

Kuungua chini na kuwa mbichi katikati, hiyo ni kesi ya moto, na kwa wengi wetu tunaookea mkaa ndo kesi kubwa. Ukioka kwa sufuria kosa ni kuweka mkaa mwingi chini kama unapika maharage. Geuza, mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, theluthi mbili hivi, chini ubaki kidogo tu, na ndani ya sufuria tandaza mchanga mkavu au weka vijiwe vitatu, chombo chako cha mkate kikae juu yake kisigusane na kitako. Lipashe sufuria kwanza kabla ya kuingiza donge, moto wa ghafla mwanzoni unalipa donge msukumo wa mwisho kabla hamira haijafa. Na usifunue kila dakika mbili kuchungulia.

Kuhusu kuiva, wenye vipima joto wanasoma huko kwamba katikati ya mkate pafike nyuzi 98 au 99. Huku kwetu hapafiki! Kadri unavyopanda juu ya usawa wa bahari maji yanachemka kwa joto la chini, Tabora yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Kigoma 97 na kitu, na katikati ya mkate hapawezi kuzidi hapo maana pana maji. Ukingoja 99 utakausha mkate mpaka ugumu. Nyuzi 93 mpaka 95 zinatosha. Asiye na kipimo autoe augonge kitako kwa kidole, ukilia wazi umeiva, ukilia kizito urudishe.

Alafu usiukate wa moto. Najua harufu, najua watoto wamesimama hapo, ila wanga ndani bado haujatulia, ukikata unaona ute unasema mbichi, unaurudisha kwenye moto unaungua. Acha angalau saa moja juu ya wavu wa chuma au ungo, upate hewa chini pia.

Kuutunza kuna imani kwamba friji ndo mahali pake. Friji inachelewesha ukungu ni kweli, lakini mkate unachakaa haraka zaidi humo kuliko juu ya meza, kwa sababu wanga unaganda na kukauka upesi kwenye ubaridi ule. Wa kula siku mbili uweke kwenye kopo au kitambaa safi, wa zaidi ya hapo ukate slesi ugandishe kabisa kwenye friza. Na usilinganishe na wa dukani unaokaa wiki, ule mara nyingi unawekewa dawa ya kuzuia ukungu, wako hauna.

La mwisho ni tatizo la joto na unyevu ambalo wa Kigoma wakati wa mvua wanalijua hata kama hawalitaji. Mkate umeoka jana, kwa nje mzuri, ukiumega ndani unanata na kuvuta nyuzi, unanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Hiyo ni bakteria wa jamii ya Bacillus, mbegu zake zinakuja na unga na zinastahimili hata moto wa kuokea, zikikuta mkate umefungwa ungali wa moto ndani ya mfuko, joto na unyevu tele, zinaamka. Kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye donge la kilo moja kinasaidia kuzizuia, na kuuacha mkate upoe kabisa kabla ya kuufunga kunasaidia zaidi. Ukishaukuta umefikia hapo usikate kipande kibovu ule kingine, tupa wote, alafu ubao, kisu na kopo la mkate vioshe, vifute kwa siki, vianike juani kabla hujakanda tena.